Mzee amepata kiharusi: abaki wodini, arudi nyumbani, au apelekwe kliniki?

Mjomba alipooza upande wa kulia usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku ya sita daktari akasema presha imetulia, familia ijiandae kumchukua. Jioni ile tulikaa kikao uani kwa mama mkubwa, Temeke, na haikupita nusu saa tukawa kambi tatu. Mtoto wake wa kwanza alitaka mzee abaki hospitali "mpaka atembee". Mama mkubwa alitaka kaka yake arudishwe Muheza, Tanga, avute hewa ya kwao, atafutwe dada wa kazi wa kumwangalia. Mtoto wa pili, ambaye ndiye mwenye gari, alisema akae hapa hapa mjini apelekwe mazoezini mara mbili kwa wiki. Kisha wote wakanitazama mimi. Katika ukoo wetu ukishakuwa nesi basi wewe ndiye bingwa, ndiye mfamasia na ndiye hakimu.

Nimefanya kazi wodi ya wanaume miaka 17 na bado sikuwa na jibu la mkato. Niliwauliza maswali mawili. Saa nane ya usiku mzee akitaka kukojoa, nani anaamka? Na wiki ya nane, wakati wageni wameacha kuja na pesa ya mchango imekwisha, nani atakuwa bado anamsimamisha? Yafuatayo nayalinganisha kwa maswali hayo mawili, pamoja na yale ambayo tafiti za uuguzi na za mazoezi tiba zimekwisha kuonyesha.

Mpime mzee kwanza, nyumba baadaye

Kuna kipimo cha mwaka 1965 kinachoitwa Barthel. Hakina mashine wala damu haichukuliwi. Ni mambo 10 ya kila siku: kula, kuoga, kunawa uso na kupiga mswaki, kuvaa, kuzuia choo kikubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Alama ni 0 mpaka 100. Wodini tunajumlisha tunaandika kwenye faili, lakini kwa kikao cha familia jumla haisaidii sana. Wazee wawili wanaweza kuwa na 50 kila mmoja na bado wasifanane hata kidogo. Mmoja anahama kitini mwenyewe ila anajikojolea na hawezi kufunga vifungo. Mwingine anakula mwenyewe, mkojo anauzuia, lakini kila akitaka kushuka kitandani wanatakiwa watu wawili wenye nguvu. Wa kwanza atamudu hata chumba cha kupanga, pampasi zikiwepo. Wa pili, ukimwacha na binti wa miaka 19 peke yake, wote wawili wataumia.

Kwa hiyo uliza vitu vinne: anameza salama? Anakaa bila kuegemezwa? Kumhamisha kunataka watu wangapi? Mkojo na choo vikoje? Mjomba alikuwa anameza uji mzito lakini maji yanampalia. Alikaa akiegemezwa mto upande wa kulia. Kumhamisha ilikuwa kazi ya watu wawili. Mkojo alikuwa bado na mpira.

Wodini: siku za mwanzo hakuna mfano wake

Mtoto wa kwanza hakuwa amekosea kabisa. Wagonjwa wa kiharusi wanaolazwa kwenye wodi maalumu, yenye timu moja inayokutana na kupanga pamoja, wanapona na kujitegemea zaidi kuliko wanaotawanywa kwenye wodi za kawaida. Hilo limeonekana katika majaribio 29 yaliyojumlishwa mwaka 2020, yenye wagonjwa karibu 6,000. Na sehemu kubwa ya siri hiyo iko mikononi mwa wauguzi. Mwaka 2011, huko New South Wales nchini Australia, profesa wa uuguzi Sandy Middleton na wenzake walitoa matokeo kutoka wodi 19 za kiharusi. Baadhi ya wodi wauguzi walipewa utaratibu wa mambo matatu tu katika siku za mwanzo: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa chochote mdomoni. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 kwenye wodi hizo, na asilimia 58 kwenye wodi zilizoendelea kama kawaida. Hakukuwa na dawa mpya. Ni kipimajoto, kipimo cha sukari na kijiko cha maji.

Hicho kijiko nakisisitiza kwa sababu nimeona kinavyopuuzwa. Mzee anakalishwa wima, anapewa maji kidogo, unamsikiliza. Akikohoa, au sauti ikibadilika ikawa kama ina maji kooni, hapewi tena mpaka apimwe vizuri. Ndugu wakija na chupa ya chai na upendo wao wote, chai hiyo inaweza kuingia kwenye mapafu. Nimewahi kumpokea babu mmoja aliyeruhusiwa mapema kutoka kituo ambacho sitakitaja. Hakuna aliyemwambia mkewe habari ya kumeza. Alirudi siku ya tatu na nimonia.

Lakini wodi ina mwisho wake. Sehemu nyingi kwetu hakuna wodi maalumu ya kiharusi. Mzee analala kwenye wodi ya kawaida, nesi mmoja ana vitanda vingi, na daktari wa mazoezi anapita siku za kazi, dakika chache kwa kila mgonjwa. Saa zilizobaki mzee anatazama dari. Saa nane ya usiku yupo nesi, ndiyo, ila yuko mmoja, na pengine muda huo anahangaika na mgonjwa wa kitanda cha mwisho.

Halafu kuna vidonda vya mgongoni vya kulala muda mrefu. Mwaka 1962 muuguzi wa Kiingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya uuguzi wa wazee hospitalini, na kutoka humo tukapata kipimo chenye jina lake: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, kuzuia haja. Kila kimoja alama 1 mpaka 4. Ukipata 14 au chini, ngozi iko hatarini. Kabla yake mafuta, spiriti na kila aina ya dawa vilikuwa vikipakwa kwenye matako ya wazee. Kazi ya Norton ilirudisha macho kwenye kumgeuza mtu. Kitanda cha hospitali hakimgeuzi mzee. Anayemgeuza ni mtu, awe wodini awe Muheza.

Kwa wale wanaodhani hospitali nzuri ni ile inayomsimamisha mgonjwa haraka: jaribio kubwa la AVERT, wagonjwa 2,104 katika nchi tano, lilitoka mwaka 2015 na kuonyesha kwamba kuanza kumnyanyua mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Kwa hiyo asikimbizwe siku ya kwanza, na wiki ya pili asiachwe amelala.

Nyumbani, na mtaalamu anayekuja

Hapa ndipo ushahidi unaposhangaza watu wa hospitali. Kuna mpango wa kumruhusu mgonjwa mapema huku timu ikimfuata nyumbani. Umejaribiwa mara 17, kwa wagonjwa 2,422, na majumuisho yalitoka mwaka 2017. Walioruhusiwa mapema walikaa hospitali pungufu kwa siku tano au sita hivi, na wengi zaidi walikuwa wanaishi nyumbani na kujitegemea baadaye. Mtu anayefanya mazoezi ya kuinuka anainuka kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, anakwenda kwenye choo chake mwenyewe. Hajifunzi mara mbili.

Ila soma masharti. Waliofaidika zaidi walikuwa na ulemavu mdogo au wa kati, na tafiti hizo zilifanywa karibu zote kwenye nchi tajiri, ambako timu maana yake ni nesi, mtaalamu wa mazoezi tiba, mtaalamu wa shughuli za kila siku na wa kuongea, wote wakiwa chini ya mpango mmoja. Sisi tukisema "mtaalamu anakuja nyumbani", mara nyingi tunamaanisha kijana mmoja wa fiziotherapia anayepita baada ya kazi, analipwa kwa kila safari. Si kitu kibaya. Tatizo ni pale familia inapokaa sebuleni ikitazama simu wakati yeye anafanya kazi. Akiondoka, mazoezi yameondoka naye.

Ukichagua njia hii, kubaliana naye tangu siku ya kwanza kwamba nusu ya muda wake anamfundisha mtu mmoja wa nyumbani, huyo huyo kila mara. Aandike kwenye daftari la shule: zoezi gani, mara ngapi, lini aache. Mimi humwambia mwanafamilia afanye mbele yake, yeye akiwa amekunja mikono.

Na nyumba yenyewe itazame kwa jicho la mtu mwenye mguu mmoja. Kitanda chetu cha wageni Temeke kilikuwa chini mno. Mjomba asingeinuka pale hata akiwa mzima. Fundi aliongeza matofali manne chini ya miguu ya kitanda, akaipigia fremu ya mbao isiteleze, na kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja na nusu. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Tulichukua kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, kile kizito, kikatobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, miguu ikafungwa isisogee. Mazulia yote yaliondolewa. Mama mkubwa alinung'unika kuhusu zulia moja la Dubai mpaka nilipomwuliza kama anataka kuuguza nyonga pia.

Kosa ninaloliona kwenye nyumba tisa kati ya kumi ni kumvuta mzee kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshika bega imelegea. Ukiuvuta mkono, bega linashuka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi kwa wiki nyingi. Weka mkono uliopooza juu ya mto anapokaa. Ukimwinua, shika kiunoni: mkanda mpana, au kanga mbili zilizokunjwa na kufungwa vizuri. Kunja magoti yako kidogo, mwambie ainame mbele, "pua ipite vidole vya miguu", halafu mhesabie moja, mbili, tatu. Kwa sababu ya uzito wa kichwa kwenda mbele, makalio yanainuka yenyewe.

Kliniki mara mbili kwa wiki

Kwa njia hii sitakaa sana, maana hesabu yake ni nyepesi. Kama mzee anahama kwa msaada wa mtu mmoja na anaweza kukaa kwenye gari au bajaji saa nzima bila kuchoka sana, kliniki inafaa. Huko kuna vifaa, kuna mtaalamu anayemwona mzee anavyobadilika, na kuna wenzake. Hilo la wenzake halipo kwenye faili lakini nimeliona likifanya kazi: mwanamume anayekataa mazoezi nyumbani mbele ya wakwe anayafanya kliniki akishindana na mzee wa jirani.

Kama kumtoa nyumbani kunahitaji watu wawili, ngazi mbili na foleni ya Barabara ya Mandela, atafika ameishiwa nguvu, afanye dakika 30, arudi alale siku nzima. Hapo unanunua safari.

Wengine huvutiwa na mashine. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011, wenye watu 408, ulilinganisha kutembea kwenye mkanda wa mashine huku mwili umening'inizwa, na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba yaliyosimamiwa na mtaalamu nyumbani kwa mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wote walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na mashine haikuwazidi wa nyumbani. Kwa hiyo ukiona kituo kinatangaza mashine, uliza kwanza kina wataalamu wangapi.

Kumwachia familia peke yake

Hii hakuna aliyeitaja kikaoni kwa jina, lakini ndiyo inayotokea mara nyingi. Ndilo lilikuwa wazo la mama mkubwa: Muheza, dada wa kazi, na dua.

India walilijaribu wazo hili kwa umakini. Wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao, ndugu walifundishwa rasmi kuwafanyisha mazoezi, kuanzia hospitalini na kuendelea nyumbani hadi miezi miwili. Matokeo ya mwaka 2017: baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Sawasawa. Vijijini China walifanya jaribio jingine, wauguzi wakiwafundisha ndugu wa wagonjwa 246; matokeo ya mwaka 2019 nayo hayakuonyesha tofauti.

Niliposoma haya mara ya kwanza niliudhika, kwa sababu kuwafundisha ndugu ni kazi ninayoiamini. Nikayasoma tena. Upande wa pili wa India pia ulikuwa na familia. Mke na watoto walikuwa wanahangaika vilevile, bila cheti. Kilichopimwa ni kama mafunzo ya muda mfupi kwa ndugu, yakiongezwa juu ya huduma ya kawaida, yanaleta nafuu zaidi, na jibu ni kwamba hayakuleta. Hayasemi kwamba familia haina maana. Ondoa familia kabisa uone nani atamgeuza mzee saa nane ya usiku.

Kwa hiyo nikiambiwa "tutamfundisha dada", nauliza: dada ana siku ya kupumzika? Ana mtu wa kumpokea usiku? Analipwa zaidi ya alivyokuwa analipwa kupika na kufua? Binti anayelala mkekani chini ya kitanda cha mgonjwa, anaamka mara nne, halafu alfajiri anadeki, atamudu wiki tatu. Wiki ya nane utamkuta ameshaondoka kwao, na mzee ana kidonda kwenye mfupa wa kiuno.

Lakini Muheza ilikuwa na hoja

Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Sisi tunaita "mzee amekuwa mkimya" au "anadeka". Anayeacha kula, anayelia bila sababu, anayesema "niacheni nife", huyo anahitaji kutibiwa kama anavyotibiwa presha, na asipotibiwa hakuna zoezi litakaloshika. Mwambie daktari, kuna dawa na kuna watu wa kuzungumza naye.

Na mahali pana nguvu yake. Temeke mjomba alikuwa mgonjwa. Muheza ni Mzee fulani, mwenye kiti chake kwenye baraza, anayeamkiwa "shikamoo" na kila mtoto anayepita. Kujibu "marahaba" mara 40 kwa siku ni mazoezi ya kuongea ambayo hakuna kliniki inayoyatoa, hasa kwa mtu ambaye maneno yanamkwama. Mama mkubwa alikuwa na haki kuhusu Muheza. Alichokosea ni wakati.

Pesa, kwa ufupi

Msitazame bei ya kitanda peke yake. Wodini ongeza nauli na chakula cha ndugu anayelinda. Kliniki ongeza usafiri wa watu wawili kila safari na siku ya kazi ya dereva. Nyumbani ongeza pampasi, fundi, na mshahara wa mtu wa pili wa usiku. Kama mzee ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo, ulizeni ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha, na tumieni dirisha la wazee. Watu wanapanga foleni ya kawaida saa tatu kwa kutokujua. Kama kuna bima, ulizeni mapema inalipia safari ngapi za fiziotherapia.

Na kama kilichompata mzee si kiharusi bali nyonga iliyovunjika, nusu ya haya haimhusu. Huyo anahitaji upasuaji mapema, na siku inayofuata asimamishwe akiwa na dawa ya maumivu. Kumrudisha nyumbani na nyonga isiyotibiwa, "atafanya mazoezi taratibu", ni kumlaza moja kwa moja.

Tulichoamua

Tuliomba mjomba abaki wodini siku nne zaidi, si "mpaka atembee", bali mpaka mpira wa mkojo utoke, kumeza kupimwe tena, na mtoto wake wa pili ajue kumhamisha bila kumvuta mkono. Alimhamisha mara sita mbele ya sista wa zamu. Mara ya tatu karibu waanguke wote wawili, na ikawa heri imetokea pale. Kisha Temeke wiki kumi, kitanda cha matofali, fiziotherapisti mara mbili kwa wiki nyumbani mpaka mzee alipoweza kupanda gari, halafu kliniki. Usiku tuligawana kwa karatasi iliyobandikwa kwenye friji, majina na tarehe. Mtoto wa kwanza, aliyetaka hospitali, alilipa kijana wa kulala Jumatatu mpaka Alhamisi. Tuligombana mara mbili kuhusu hiyo karatasi.

Muheza alikwenda mwezi wa tatu tangu augue, akiwa na mkongojo wa miguu minne. Mkono wa kulia haujarudi. Bao anacheza kwa kushoto, taratibu, anahesabu kete kwa sauti ili maneno yatoke, na bado ananifunga.